Mwalimu, Litazame Gari Kwanza

Mwishoni mwa muhula uliopita nilikwenda kumjulia hali dada yangu katika mtaa wa Bondeni, mjini Nakuru, nikakuta nyumbani mwake magari mawili. La kwanza lilikuwa limewekwa juu ya kabati la vyombo, mahali pa heshima ambapo zamani paliwekwa redio. Lilikuwa gari la waya lenye umbo safi, limepakwa rangi ya samawati, magurudumu yake manne yakitoshana kama sahani za seti moja, na kwenye boneti palikuwa bado pamebandikwa kijikaratasi cha mwalimu chenye alama ya juu kabisa katika mtaala wetu wa umilisi: kuzidisha matarajio. La pili lilikuwa mvunguni mwa kitanda. Hilo lilikuwa limepinda upande wa kushoto, gurudumu moja la mbele halikuwapo, na paa lake lilikuwa kipande cha mkebe wa mafuta ya kupikia ambacho maandishi yake yangali yanasomeka.

Gari la kwanza lilinunuliwa kwa shilingi 250 kutoka kwa kijana fundi anayefanya kazi kando ya barabara. La pili liliundwa na mpwa wangu mwenyewe, mwanafunzi wa Gredi ya Tano, kwa muda wa siku nne. Lililopelekwa shuleni ni la kwanza.

Simlaumu dada yangu. Yeye huamka saa kumi alfajiri kwenda kuchukua mboga za kuuza, na muhula wa kwanza alijionea kwa macho yake kwamba watoto walioleta vitu vya kununua walituzwa alama nzuri, ilhali mwanawe, aliyekuwa amefinyanga chungu chake kwa mikono yake, aliambiwa kwamba alikuwa anakaribia matarajio. Mzazi hasomi waraka wa mtaala, husoma alama. Aliposikia kwamba safari hii mwalimu anataka kifaa cha kuchezea kilichoundwa kwa malighafi ya mazingira, aliitazama kazi ya mwanawe, akatazama mfuko wake, akaamua.

Mtoto mwenyewe ndiye aliyeniita kando. Akaingia mvunguni, akatoka na lile gari lililopinda, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mjomba, hii ndiyo gari yangu."

Nami, mtu niliyesomea isimu hadi shahada ya uzamifu, nikamjibu papo hapo: "Gari langu."

Akalitazama gari, akanitazama mimi, akalirudisha mvunguni.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni mara ngapi sisi walimu hufanya vivyo hivyo. Mtoto hutuletea kitu, nasi tukatazama upatanisho wa kisarufi. Ngeli ya LI-YA ina haki zake, wala sikusudii kuifuta katika safu hii. Mtahiniwa atakayeandika "gari yangu" katika insha atapoteza alama, na ni wajibu wa mwalimu kumkinga na hasara hiyo. Lakini siku ile hapakuwa na mtihani wala insha. Palikuwa na mtoto aliyetaka kunionyesha jambo, na mimi nikamfunga kinywa kwa kiambishi kimoja.

Hoja yangu nawaelekezea walimu wenzangu, na hasa wanafunzi wa vyuo vya ualimu ambao kesho watapokea mitaala hii mikononi. Kuunda magari ya mfano ni kazi kamili ya akili, yenye hesabu yake, ufundi wake na msamiati wake. Shule zetu zinaipoteza mara mbili. Kwa miaka mingi ziliipoteza kwa kuidharau kama mchezo wa watoto wa mitaa ya chini. Siku hizi zinaipoteza kwa kuigeuza bidhaa ya kununuliwa ili ipatiwe alama.

Yeyote asiyewahi kuunda gari la waya hudhani kwamba ni kupinda waya mpaka ufanane na gari. Waama si rahisi hivyo. Kwanza ni kutafuta. Waya wa kufungia nondo hupatikana panapojengwa, nao ni laini, hupindika kwa vidole lakini hauhimili uzito. Waya wa ua ni mgumu, huhitaji koleo au jiwe, lakini ndio unaofaa kwa uti wa gari. Muundaji hulazimika kuamua ni sehemu gani itabeba uzito na ni sehemu gani itakuwa pambo. Kisha ni magurudumu. Sisi wa zamani tulitumia vifuniko vya mikebe ya rangi ya viatu, au soli za ndara kuukuu zilizokatwa duara kwa wembe, na kuzizungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli ili zishike ardhi. Kisha ni ule waya mrefu unaopanda kutoka kwenye ekseli ya mbele, ukapita ndani ya gari na kutokea nyuma juu ya paa, hadi kufikia mikono ya mtoto, ambako huishia kwa duara la usukani. Mtoto akizungusha duara lile, waya hugeuka, ekseli hugeuka nao, na gari hukata kona huku mwenyewe akikimbia nyuma yake amesimama wima. Ni mtambo halisi. Watoto wa Malawi na Zambia hutumia mbinu hiyohiyo. Kwa Kichewa gari huitwa galimoto, na neno hilohilo hutumiwa kwa magari ya waya ya watoto.

Tazama sasa hesabu iliyomo. Nchi za ng'ambo ambako kuunda magari ya mfano ni uraibu wa watu wazima wenye kazi na familia, kila gari huundwa kwa uwiano maalumu. (Neno uraibu limenitatiza siku nyingi: katika vitabu vyetu vya shule ni jambo la kujipumbazia baada ya kazi, na katika taarifa za habari ni utumwa wa dawa za kulevya. Wake za hao waundaji huenda wakaona kwamba maana zote mbili zinafaa.) Kuna uwiano wa 1:24, ambapo gari la urefu wa mita 4.3 huwa la sentimita 18 hivi, na kuna wa 1:43, uliorithiwa kutoka kwa reli za mfano za Uingereza, ambapo gari hilohilo huwa la sentimita 10 tu. Muundaji wa huko hufungua sanduku, akakuta vipande vya plastiki vilivyokwisha kupimwa kiwandani, na kazi yake ni kuviunga, kuvipaka rangi na kuvitia madoido madogo madogo kwa kibano na brashi nyembamba.

Mtoto wa Bondeni hana sanduku. Uwiano wake huanzia kwenye gurudumu. Akipata vifuniko vya mkebe vyenye kipenyo cha sentimita 6, na gurudumu la gari halisi likiwa na kipenyo cha sentimita 60 hivi, basi tayari amefungwa na uwiano wa 1:10, apende asipende, na gari lake lazima liwe na urefu wa sentimita 43 au karibu na hapo, la sivyo litaonekana kama baiskeli yenye paa au kama basi lililokatwa miguu. Hajui kwamba hiyo ni hesabu ya uwiano. Anajua tu kwamba "halijakaa vizuri", analikunjua na kuanza upya. Mwalimu wa hisabati anayeingia darasani kufundisha uwiano kwa mfano wa machungwa ya akina Juma na Asha angeweza kulianza somo hilo mezani kwa gari la waya na rula, na nina hakika kwamba watoto wa nyuma darasani, wale ambao huwa tumekwisha kuwakatia tamaa, ndio wangekuwa wa kwanza kuinua mikono.

Nakumbuka jinsi nilivyojifunza mimi. Nilikulia Bondeni katika miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati mtoto alimtambua Mkenya yeyote mwenye shughuli kwa gari alilosafiria. Barabara ya Nakuru kwenda Nairobi ilitawaliwa na Peugeot 504 zenye viti vya safu tatu, na sisi tulizijua kwa mgongo wao ulioinuka nyuma hata kabla hatujazijua kwa jina. Ilipowadia Pasaka, Safari Rally ilipita katika maeneo yetu, na wiki nzima baada ya hapo mtaa ulikuwa karakana. Mbio hizo zilianzishwa mwaka 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, lakini kwetu sisi hazikuwa na uhusiano wowote na malkia. Zilikuwa za Joginder Singh, aliyeshinda mwaka 1965, 1974 na 1976, na za Shekhar Mehta, aliyeshinda mara tano, nne kati ya hizo mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Baadaye alikuja Patrick Njiru na Subaru yake, nasi tukapata mtu mwenye jina kama la jirani.

Gari la waya la msimu wa Safari halikuwa gari la waya la siku zote. Lilihitaji vyuma vya mbele vya kukinga wanyama. Lilihitaji safu ya taa za ziada, ambazo tuliziunda kwa vifuniko vya chupa za soda. Wale waliokuwa makini zaidi waliongeza bomba la kuvutia hewa lililopandishwa hadi juu ya paa, kwa sababu walikuwa wameliona kwenye magari ya kweli na wameelewa kwamba gari likivuka mto, injini lazima ivute hewa kutoka mahali pasipo maji. Hakuna mwalimu aliyetufundisha jambo hilo. Tulilitazama kwa sekunde chache gari likipita kwa kishindo na vumbi, tukarudi nyumbani na swali, na jibu tukalipata kwa waya.

Na hapa nikumbuke pia yaliyonipata, maana yanahusu. Nilipeleka gari langu shuleni siku moja, nikaliacha nje ya darasa kando ya ukuta. Mwalimu mmoja, ambaye simtaji wala shule siitaji, alilikuta, akauliza ni la nani, nikainua mkono. Alilikanyaga mpaka likawa bapa, akaniambia nikasome. Sikumchukia. Katika fikira za wakati ule, kitabu na waya vilikuwa maadui, na yeye aliamini kwamba ananiokoa. Kilichonishangaza baadaye, nilipokuwa mtu mzima, ni kwamba mfumo wetu wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulikuwa na somo la Sanaa na Ufundi lililotahiniwa katika KCPE. Tulikariri majina ya zana na aina za ususi kwa ajili ya mtihani, huku mikono iliyokuwa ikisuka na kupinda ikiadhibiwa nje ya darasa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo ya mtihani huo yalipunguzwa hadi matano na Sanaa na Ufundi ikatoweka kwenye ratiba za shule nyingi, kwa kuwa kisichotahiniwa hakifundishwi. Mtaala wa umilisi ulipoanza kutekelezwa kitaifa mwaka 2019, na KCPE ya mwisho kufanywa mwaka 2023, tuliambiwa kwamba mikono sasa imerejeshwa darasani. Imerejeshwa, lakini mingi ni ya mafundi wa kando ya barabara.

Mwaka 1990, nikiwa mtoto wa shule ya msingi, taifa zima lilionyeshwa magari machache yaliyoitwa Nyayo Pioneer. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikuwa amekitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, akaongeza kwamba halina neno hata likiwa la sura mbaya na la mwendo wa pole. Magari ya majaribio yaliundwa, yakaendeshwa hadharani, shirika la Nyayo Motor Corporation likaanzishwa ili kuyatoa kwa wingi, fedha zikakosekana, na shirika hilo likaja kugeuzwa Numerical Machining Complex. Hadi leo ukitaja gari hilo katika kikao cha watu waliosoma utasikia kicheko. Nimewahi kucheka mimi pia. Nikilifikiria sasa, naona kwamba katika agizo lile, licha ya siasa zake zote, kulikuwa na kigezo kimoja cha tathmini ambacho walimu wangefaidika nacho: liwe baya, lakini liwe lenu. Mpwa wangu alitimiza kigezo hicho kikamilifu, na kwa hiyo gari lake likalala mvunguni.

Ajabu ni kwamba wageni wanaithamini historia hii ya vumbi letu kuliko sisi. Kampuni ya Hasegawa ya Japani hutoa sanduku la kuunda mfano wa Datsun 240Z iliyoshinda Safari ya mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, kwa uwiano wa 1:24. Mtu aliyeko Osaka au Manchester hununua sanduku hilo, akaliunda gari kwa wiki nyingi za jioni, na akishalimaliza na kuling'arisha huanza kazi nyingine ya pekee: kulichafua. Ana poda na rangi maalumu za kuigiza vumbi na matope, na huchunguza picha za zamani ili ajue matope ya Kenya yalirukia wapi, yaliganda chini ya madigadi kiasi gani, vumbi lilitulia vipi juu ya buti. Nikilifikiria jambo hilo hutabasamu. Vumbi ambalo mama zetu walitupigia kelele tulifute kabla ya kuingia nyumbani, huko linauzwa kwa kichupa.

Tangu mwaka 2021 Safari imerejea katika mashindano ya ubingwa wa dunia, makao yake yakiwa Naivasha, na njia zake zikapita Soysambu na Elmenteita, mwendo mfupi kutoka Bondeni. Watoto wa Nakuru, ambayo mwaka huohuo ilipandishwa hadhi kuwa jiji, wanayaona tena magari hayo karibu na kwao. Wangapi wao wameombwa na shule zao waunde walichokiona?

Nirejee sasa kwenye taaluma yangu. Kiswahili kina namna ya kudogosha: mtu huwa kijitu, nyumba huwa kijumba, gari huwa kigari. Lakini kila anayeijua lugha hii anahisi kwamba kiambishi hicho hubeba dharau pamoja na udogo. Ukimwambia mtu kwamba ana kijumba, hujampa sifa. Kwa hiyo tunapoiita kazi ya mtoto "kigari", sarufi imekwisha kutoa hukumu kabla ya jicho kutazama. Watoto wenyewe hawasemi kigari. Wao husema gari, kama mpwa wangu alivyosema, na nilipotulia nikaelewa kwamba kosa lake la ngeli lilikuwa na heshima ndani yake ambayo usahihi wangu haukuwa nayo. Kwa kazi rasmi napendekeza tuseme gari la mfano. Ni maneno ya kawaida na hayamdunishi mtu.

Msamiati wa gari wenyewe ni somo zima la historia. Gari tulilipokea kutoka Bara Hindi. Usukani ulitujia kwa Kiarabu ukiwa wa chombo cha baharini, na mabaharia waliouleta hawakujua kwamba siku moja utashikwa na dereva wa lori kwenye mteremko wa Bonde la Ufa. Breki, gia, klachi, boneti, bampa na madigadi ni za Waingereza, zimevikwa irabu zetu. Na mtoto wa leo ana dinga na nganya zake za Sheng, ambazo sitaki kuziingiza katika insha lakini sioni sababu ya kuzifukuza uwanjani.

Juu ya yote hayo kuna vitenzi. Mwalimu yeyote wa Kiswahili anajua jinsi inavyochosha kufundisha kauli ya kutendua. Tunaandika ubaoni funga na fungua, panga na pangua, ziba na zibua, wanafunzi wananakili, na wiki inayofuata wamesahau. Mpe mtoto waya, uone. Anakunja, anaona amekosea, anakunjua. Anapachika gurudumu, halizunguki, analipachua. Anachomeka ekseli, imekuwa ndefu, anaichomoa. Anafunga, anafungua. Kauli ile ambayo kitabuni ni jedwali, hapa ni historia ya makosa yake mwenyewe na jinsi alivyoyasahihisha. Hata lile fumbo la pinda na pindua, ambapo maana imehama kabisa, mtoto atakueleza bila kuulizwa: waya unapindwa, gari linapinduka, na watu wazima husikika redioni wakisema kwamba hata serikali hupinduliwa.

Najua yatakayosemwa dhidi yangu. Itasemwa kwamba waya hukata, mikebe ina kutu, na watoto hutafuta vifaa kwenye majaa yenye uchafu. Ni kweli, na mwalimu mwenye busara ataomba wazazi wakusanye mikebe safi na atakaa karibu koleo inapotumika. Itasemwa kwamba mchezo huu ni wa wavulana. Uliachiwa wavulana, jambo ambalo si sawa na kusema kwamba ni wao. Dada yangu huyuhuyu muuza mboga ndiye aliyekuwa akinikatia magurudumu ya ndara, kwa sababu mkono wake haukutetemeka, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba aendeshe. Itasemwa pia kwamba taifa linahitaji wahandisi, si wachezaji. Hoja hii ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa marafiki wa mchezo huu huitumia nao, wakidai kwamba kila mtoto wa gari la waya ni mhandisi wa kesho. Sidai hivyo. Wengi wa wale niliokimbia nao wakati ule leo ni madereva, makarani, wachuuzi, na mmoja ni imamu. Mtoto ana haki ya kufanya jambo vizuri kwa sababu tu linampendeza, bila kutoa ahadi ya viwanda.

Wala simchukii yule kijana wa kando ya barabara aliyeuza gari la shilingi 250. Kazi yake ni nzuri, na wapo wenzake wanaounda mifano ya matatu kwa kadibodi na plastiki, yenye taa zinazowaka na michoro iliyonakiliwa kwa uaminifu wa kushangaza. Laiti shule ingemwalika darasani kwa saa moja awaonyeshe watoto jinsi ya kuzuia ekseli isiyumbe, ingempa heshima na hata posho kidogo. Badala yake tumemfanya mshiriki wa siri katika udanganyifu wetu.

Ombi langu kwa mwalimu ni dogo. Gari likiletwa darasani, mwache aliyelileta azungumze juu yake kabla ya kuliwekea alama. Muulize gurudumu lilitoka wapi, kwa nini waya huu ni mnene kuliko ule, ni sehemu gani ilimshinda. Aliyeliunda atajibu mpaka kengele ilie. Aliyelinunua atanyamaza, na hutahitaji kumwaibisha. Ataomba mwenyewe kwamba muhula ujao apewe nafasi ya kuunda. Andika maneno anayoyatumia, hata yale usiyoyakubali, kwa kuwa baadhi yake hayamo katika kamusi yoyote niliyo nayo. Makosa ya ngeli yaandike pembeni, uyarejee siku ya pili.

Nilijaribu kulifuata shauri hili mimi mwenyewe. Jumamosi iliyofuata nilirudi Bondeni, nikaketi sakafuni, nikamwomba mpwa wangu alitoe gari. Alisita, kisha akaingia mvunguni. Nikamuuliza waya ule mrefu ni wa nini. Akaniambia kwamba huo ndio mkono, na kwamba mkono hauwezi kufungwa moja kwa moja kwenye ekseli kwa sababu ukikaza sana gari halikati kona, na ukilegeza linakwenda linakotaka, kwa hiyo ameuzungusha mara mbili na kuacha nafasi ya kidole kimoja. Nikamuuliza kwa nini limepinda kushoto. Akasema halikupinda; lilikuwa limeegemea upande ambao gurudumu halipo. Nikamuuliza gurudumu lilikwenda wapi. Akasema alilipachua ili apate kipimo cha kuunda jingine jipya, la nne, kwa sababu lile lilikuwa dogo kidogo kuliko wenzake na mimi, mjomba, sikuwa nimeliona.

Tulitoka pamoja kutafuta kifuniko.